Hodi ya Ubavuni

Tulikwenda Chala kufuata samaki wa harusi. Wifi yangu Mwanajuma alikuwa anamwoza bintiye pale Njoro, mtaani kwetu Moshi, na kitoweo cha majini alituachia sisi. "Nyama nimeshapata," aliniambia, mikono kiunoni, "lakini hawa ndugu zetu wa Pangani wakikosa samaki watanisema mpaka kaburini. Mwambie kaka yangu asirudi mikono mitupu." Kaka yake ndiye mume wangu, Mikidadi. Basi tukadandia lori la Mhindi mpaka Himo, na toka Himo tukatembea kwa miguu na kikapu chetu cha chambo. Tulipofika juu ya ziwa, jua lilikuwa limeshaanza kuegemea mlima.

Kwa asiyepajua, Chala si ziwa la kufika na kunawa miguu. Ni shimo. Maji yako chini kabisa, yamezungukwa na kuta za mawe na miti, na kinjia chake kina mahali unashuka kwa makalio. Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha juzi juzi tu, Mwingereza bado ametukalia, na samaki wa kule hawakuwa na mwenyewe. Wazee wa Kichagga walimwona samaki ni nyoka aliyejificha majini, hawamgusi. Sisi watu wa mjini tuliwashukuru sana kwa imani hiyo, maana perege wote walikuwa wetu.

Mikidadi alikuwa seremala. Mtumbwi aliuchonga mwenyewe kule kule chini, kwa gogo la mringaringa, na kwa kuwa gogo lilikuwa jembamba, mtumbwi nao ukawa mwembamba. Ukipiga chafya upande mmoja, umeoga. Mwenzake wa kwanza alikimbilia mashamba ya mkonge, wa pili alisema hapendi kufa kwa ajili ya perege, na ndipo nikaingia mimi. Watu walisema sana. Mwanamke kwenye mtumbwi! Mikidadi akawajibu, "Wanaume wote niliowapakia wamenipindua. Huyu ana kiuno."

Tusemeane ukweli, siri ilikuwa hapo. Mwanamume akiingia kwenye mtumbwi anakaza mwili mzima kama anayengoja kupigwa. Mtumbwi haupendi mtu aliyejikaza. Mikidadi alinifundisha nikae chini kabisa, nitazame ng'ambo na si majini, na mtumbwi ukilala nilegeze nyonga niuache ulale, nao utarudi wenyewe. "Kichwa cha msikitini, kiuno cha ngomani," ndivyo alivyosema. Nami ngoma nilikuwa naijua.

Lakini kuanguka kupo. Nilianguka mpaka samaki wakanizoea. Na kupanda tena ndiyo kazi yenyewe. Huwezi kupandia ubavuni. Ukishika ukingo wa ubavu ukajivuta, mtumbwi unakufunika kichwa kama sufuria, na aliyemo ndani naye anakufuata majini. Unazunguka mpaka tezini, nyuma kabisa. Unashika kwa mikono miwili, unaacha miguu ielee, unapiga teke, unapanda kwa tumbo kama kenge. Kisha unatambaa, ukiuweka mguu mmoja huku na mwingine huku, ndipo unakaa.

Mimi nilikaa omoni, mbele. Yeye tezini, nyuma. Kwa hiyo yeye akianguka simwoni, na kugeuka siwezi, maana kugeuka ni kupinduka. Ndipo Mikidadi, kwa utani wake, akatunga desturi. Aliye majini akifika tezini anapiga kofi kwenye mbao na kusema "Hodi." Mimi nasema "Karibu," nainama mbele kabisa ili uzito wangu uushikilie mtumbwi, naye anapanda.

"Hodi, nahodha," alikuwa akisema. Kwenye mtumbwi hakuniita jina langu, Adija, hata siku moja. Nahodha, basi.

Juu ya ziwa alikaa bibi mmoja, Elinipendo, mjane wa Kilutheri aliyehamia kutoka Mamba. Alikuwa na kibanda, migomba michache iliyokonda kwa ukame, na ua wa majani ya masale uliozunguka mji wake wote. Ndiye aliyetuwekea makafi yetu. Jioni ile tulipomwamkia, hakutupa makafi.

"Harusi ingoje kesho," alisema. "Leo ng'ombe wanarudi zizini."

"Ng'ombe gani, bibi?" nikauliza.

"Wa chini."

Mikidadi alicheka. Habari ile tulikuwa tumeshaisikia, kila mtu wa upande ule anayo. Kwamba zamani palikuwa na boma pale, watu na mifugo yao, na usiku mmoja ardhi ikafumbua mdomo na maji yakaja juu yao wakiwa wamelala. Elinipendo hakucheka.

"Na ile hodi yenu," alisema, "nawasikia kutoka huku juu. Hodi ni ya mlangoni, wanangu. Watu wale walizama na milango yao. Huwa hawakaribishwi na mtu. Ruwa, Mungu wetu, anaona, mimi ni mtu wa Kanisa, lakini hodi majini acheni."

"Tutaacha, bibi," Mikidadi akasema, akimpokea makafi mkononi kwa adabu, na tulipoanza kushuka akaninong'oneza, "Tutaacha baada ya harusi."

Samaki walikula vizuri. Tulikuwa katikati, maji yamegeuka rangi ya wino, na kuta za shimo zimeshameza jua ingawa juu mbinguni bado palikuwa na weupe. Kikapu kilikuwa kinajaa. Nikasema turudi, maana Magharibi ilikuwa inatupita.

"Mmoja zaidi," akasema nyuma yangu. "Wa bwana harusi."

Mshipi wake ukakaza.

"Mzito huyu... nahodha, mzito sana."

Nikasikia magoti yake yakigusa mbao. "Usipige magoti!" nikamwambia. Anayepiga magoti amejiinua, na aliyejiinua ameshaanguka nusu.

Mshipi ulivutwa mara moja tu. Mtumbwi ukalala ubavu wa kushoto, mimi nikalegeza nyonga, ukarudi. Nyuma yangu maji yalipasuka, yakafunga.

Kimya.

Sikuogopa, si mara moja. Ameanguka mara ngapi? Omo yangu ilizama kidogo, kama inavyozama siku zote mtu akiwa peke yake mbele, mpaka maji yakawa yanaramba karibu na ukingo. Nikainama, nikangoja kofi la tezini.

Nikangoja.

Kwanza ilikuja harufu. Samadi. Samadi mbichi ya ng'ombe, na maziwa ya kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Katikati ya ziwa! Kisha sauti, mbali, chini yangu... kengele. Zile za shingoni mwa ng'ombe. Moja, kisha nyingi, zikisogea pamoja polepole kama kundi linavyoingia zizini. Nilizisikia kwa makalio yangu, kupitia kwenye ubao.

"Mikidadi wee..."

Ko. Ko.

Si tezini. Ubavuni. Upande wa kulia, karibu na goti langu.

"Hodi."

"Karibu," nikasema.

Jamani, mdomo umelelewa! Tangu sijaota meno nasikia hodi, nasikia karibu. Mtu wa kwetu akiota ndotoni anapigiwa hodi, anaitika karibu na huku anakoroma. Neno lilitoka kabla sijajua pigo limetoka wapi. Na lilipokwisha kutoka ndipo akili yangu ikafika, ikakuta mlango umeshafunguliwa.

Alipandia ubavuni. Nilikiona kiganja chake kikishika ukingo, kikapita. Nikafumba macho, nikangoja kufunikwa.

Mtumbwi haukulala.

Haukutikisika hata kidogo. Nilikuwa naujua mtumbwi ule kwa nyonga zangu, nilijua hata ndege akitua tezini. Mtu mzima alikuwa amepanda kwa ubavu na mtumbwi umetulia kama uko nchi kavu. Na omo yangu bado ilikuwa imezama, maji bado yanaramba pale pale, kama mtu aliye peke yake.

Nyuma yangu mtu akapumua.

"Mikidadi?"

"Naam." Ilikuwa sauti yake.

"Umepandia wapi?"

"Si nimepanda. Piga kafi, Adija. Twende nyumbani."

Adija. Kwenye mtumbwi.

Nywele zilinisimama hadi za miguuni. Nilisoma Ayatul Kursi, nikakwama katikati, nikaanza tena. Kisha nikapiga maji kwa kafi, kwa nguvu, nikapiga tena, nikapaza sauti kulia na kushoto, "Mikidadi! Mikidadi!" Kuta za shimo zikanirudishia jina la mume wangu mara nyingi.

"Unamwita nani?" ikauliza sauti ile, taratibu, karibu na kisogo changu. "Mimi si nimo?"

Sikugeuka. Nilizunguka palepale mpaka weupe wa juu ukaisha na sikuona kichwa wala povu. Mikono ilipokataa ndipo nikaelekea ufukoni, nalia, nikimwacha mume wangu kwenye maji yale na kumpakia sijui nani. Na njia nzima sikusikia kafi la pili.

Ufukoni nilimtazama. Alikuwa yeye. Kovu la patasi kwenye kidole, jino lililomeguka, kikoi chake cha mistari. Kikoi kilikuwa chepechepe kwa maji, lakini hakikudondosha tone. Alipokanyaga, mchanga haukulia. Alikibeba kikapu cha samaki akapanda kile kinjia mbele yangu, mahali tunapokwenda kwa mikono na magoti, yeye wima, bila kuhema.

Elinipendo alikuwa amesimama mlangoni na taa ya chemli. Nilipita kwenye ua wa masale nikamwangukia. Yule alibaki nje. Alisimama mbele ya yale majani na kikapu chake, akiangalia ndani.

"Mwanangu," bibi akaninong'oneza, "umemkaribisha."

"Nimemkaribisha, bibi."

Akafumba macho. Kisha akanivuta ndani, akaniambia maneno ambayo nimeyashika mpaka leo. "Isale ni jani la amani, ndiyo maana hawezi kupita hapa. Kwako atapita. Usimfukuze. Mgeni uliyemkaribisha humfukuzi, na huyu ukimfukuza mlango ataufunga nyuma yake. Mume wako hajafa. Yuko nje anapiga hodi, lakini mahali pake pamekaliwa. Mpaka huyu ainuke mwenyewe."

"Atainuka lini?"

"Mgeni anajua mwenyewe. Ila isiwe siku nyingi, mae, mwanangu. Mtu hakai kule siku nyingi akabaki mtu."

Basi nikaenda nyumbani na mgeni.

Kwenye lori alikaa juu ya magunia ya kahawa na magunia hayakubonyea. Utingo alimwomba asogee, akamsukuma begani kwa utani kama watu wa lori wanavyofanya, kisha akautoa mkono wake upesi na kuupangusa kwenye suruali. Mpaka Moshi alikwenda kuning'inia nyuma.

Njoro walitupokea kwa vigelegele. Samaki walikuwa wengi, na wazima, hata mmoja hakuharibika na joto lile. Mwanajuma alimkumbatia kaka yake, akarudi nyuma kidogo, akasema, "Umekonda, kaka! Huyu mkeo anakulisha nini?" Watu wakacheka. Mimi nilikwenda jikoni nikashika nguzo.

Usiku ulikuja. Kitanda chetu kilikuwa cha kamba, Mikidadi alikisuka mwenyewe, na kilikuwa na tabia yake. Kila alipokaa kililia kwaa, kama bata. Tuliwahi kukicheka sana kitanda kile, hasa wageni wakilala chumba cha pili. Yule alikaa. Akalala chali.

Kitanda kilinyamaza.

Nililala ukingoni, mgongo ubaoni, macho kwenye paa. Nilikuwa nawaza jambo moja tu. Mikidadi yuko majini. Anapiga kofi kwenye tezi. Anasema hodi na mimi simsikii. Nilimkumbuka akiniambia mtu akiishika tezi aweza kungoja muda mrefu, asihangaike, apumue. Basi ngoja, mume wangu, nikasema moyoni. Usihangaike. Pumua.

Kesho yake, siku yake ya kwanza ya kuamkia kwetu, ilikuwa ya harusi, naye alikaa barazani kutwa. Hakula pilau, wala samaki hakumgusa, alikunywa maziwa tu, na aliyanusa kwanza. Watu walimsalimia akaitika vizuri. Mimi ndiye niliyeona kwamba kila aliyempa mkono aliuficha mkono wake chini ya nguo baadaye, bila kujua anafanya nini. Siku ya pili ilikuwa vivyo hivyo. Sufuria za harusi zinasuguliwa, majamvi yanakunjwa, watu wa Pangani wanaagana kwa machozi, na yeye yuko barazani, mikono magotini, anatazama upande wa mlima. Jioni nilimwona akisikiliza. Nami nikasikia, hafifu sana... kengele.

Usiku ule nilivumilia mpaka nikashindwa, nikagusa shavu lake. Lilikuwa na baridi ya jiwe la mtoni. Alifumbua macho papo hapo, hakuwa amelala.

"Hapa pazuri," aliniambia. "Pana mlango."

Nilitoka nikakaa jikoni mpaka alfajiri.

Kulipopambazuka siku ya tatu Mwanajuma alikuja kuchukua sinia zake, akamkuta kaka yake pale pale barazani. Yeye mdomo wake haujawahi kulala njaa. Akashika kiuno. "Makubwa! Seremala mzima kakaa kama bibi harusi, shughuli imekwisha na kazi zinamngoja. Wifi, huyu sasa ni mgeni. Na mgeni siku mbili..." Akaniangalia nimalizie, akicheka.

"Ya tatu mpe jembe," nikasema.

Nikasimama na ufagio mkononi. Nilikuwa nimeusema msemo ule tangu utotoni na sikuwahi kuusikia. Mgeni humfukuzi, lakini mgeni anapewa jembe. Akilipokea, si mgeni tena, na mahali pa mgeni pako wazi.

Sikusubiri nifikiri sana, maana ningeogopa. Nilingoja Mwanajuma aondoke na sinia zake, nikaingia stoo, nikalitoa jembe, nikaenda barazani. Nilikumbuka: kichwa cha msikitini, kiuno cha ngomani. Nikalegeza nyonga, nikasimama mbele yake, nikampa jembe kwa mikono miwili.

"Siku ya tatu leo," nikamwambia.

Alilitazama jembe. Akanitazama mimi. Na kwa mara ya kwanza tangu ziwani, akatabasamu, na meno yale hayakuwa na jino lililomeguka.

Akainuka.

Alikwenda nyuma ya nyumba, kule bondeni kwenye migomba, ambako Njoro yote ni chemchemi na ukichimba kidogo unakuta unyevu. Akaanza kuchimba. Jembe lilipanda na kushuka bila kishindo. Nilikaa kwenye kibaraza cha jikoni nikachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa, sikumwondolea jicho. Alichimba asubuhi, alichimba adhuhuri. Nilidhani anachimba kaburi, na nikajiuliza la nani. Lakini shimo halikuwa na umbo la kaburi. Lilikuwa refu, jembamba, limechongoka huku na huku.

Lilikuwa mtumbwi.

Jua lilipoanza kuegemea, maji yakaja. Yalipanda kutoka chini, kimya, meusi, yakalijaza shimo mpaka karibu na ukingo, na harufu yao niliijua. Samadi na maziwa. Yule akaliegemeza jembe kwenye mgomba, kwa ustaarabu kabisa. Akaingia majini kwa ubavu. Magoti, kifua, kidevu. Alizama akinitazama, na maji hayakufanya hata duara moja.

Hakusema kitu. Hilo nilikumbuka baadaye. Hakusema kwaheri.

Nilikwenda nikapiga magoti kwenye ncha ya huku, iliyokuwa omo. Wakati ule adhana ya Magharibi ilikuwa inaanza kule juu msikitini. Nikangoja.

Pa!

Kofi. Ncha ya kule. Tezini.

"Hodi..." Sauti ilikuwa imekwisha, imepasuka, kama ya mtu aliyepiga hodi siku nzima kwenye nyumba yenye watu.

Neno lilikuwa limeshafika mdomoni mwangu. Nikaling'ata. Mara hii niling'ata mpaka nikaonja damu.

"Nani?"

"Hodi, nahodha..."

"Unapandia wapi?"

"Tezini... kwa tumbo... kama kenge. Adija wee, nitegee uzito, nimechoka."

"Karibu!" nikapiga ukelele. "Karibu, mume wangu, karibu!" Nikainama mbele kwenye lile tope, nikalala kabisa, kama mtumbwi ule ulikuwa wa mbao kweli. Nikaona mikono miwili ikishika udongo. Miguu ikaelea, ikapiga teke. Akapanda kwa tumbo, anakohoa, anatapika maji ya kijani, tope mpaka masikioni. Nikamburuta. Alikuwa mzito! Jamani, uzito wa mume ni kitu kitamu ambacho wanawake hatukisemi. Nilimkumbatia nikalia kwa sauti mpaka majirani wakaja, na Mwanajuma mbele yao akipiga mikono, "Kapewa jembe mara moja tu kaanguka shimoni!"

Alikula wali wa watu wanne. Alipopata nguvu nilimuuliza alikuwa wapi, akasema hakumbuki ila jambo moja. "Nilikuwa nimeshika tezi. Nakuona mgongo wako. Napiga hodi, nawe huniitiki. Kuna mtu amekaa mahali pangu."

Usiku alikaa kitandani na kitanda kikalia kwaa. Nilicheka na kulia pamoja. Nikapanda nami, nikalala ubavuni kwake, nikalegeza mwili kwa mara ya kwanza tangu Chala.

Na mwili ulipolegea, nyonga zikanena.

Kamba zilikuwa zimeshuka mno. Upande wake. Niliujua uzito wa Mikidadi kwenye maji na kwenye kamba, kwa mwaka mzima niliubeba mgongoni mwangu bila kuuona. Huu haukuwa uzito wake tu, na kule shimoni mdomo ule ule ulioniita nahodha ulikuwa umeniita Adija. Kitanda kilikuwa kimebonyea kwa watu wawili.

Shimo tulilifukia kesho yake. Ziwani hatukurudi, mtumbwi umeozea kule. Mikidadi ni mzima, anaswali, anachonga milango mizuri kuliko zamani, na ananiita nahodha hata mbele ya watu. Kila mwaka tunasuka kamba mpya za kitanda, na kila mwaka zinakatika upande wake. Yeye husema ni unene wa uzee. Mimi humwitikia ndiyo. Kisha usiku akilala, nageukia ukutani, nami hunong'ona taratibu nisimwamshe yeye.

"Mgeni, hujaaga."

Na mara nyingine, kutoka upande ule wa kitanda, pumzi moja husimama, na nyingine huendelea.